Jokofu Zima

Kazi ya Nusaiba ilikuwa kuutazama upepo. Mgeni angeicheka kazi hiyo, lakini pale Kimbiji hakuna aliyeicheka mara mbili, maana aliyecheka alijikuta gizani.

Nyuma ya zahanati palisimama mtambo wa upepo, mlingoti mrefu wenye mapanga matatu, ulioletwa na watu wa mradi ambao walishaondoka zao. Waliacha na betri kubwa za kutunzia umeme, nazo zikafa hata mwaka haujaisha. Basi umeme ukawa hauna akiba: upepo ukivuma upo, ukitulia haupo. Waya wa kwanza uliingia kwenye jokofu la chanjo. Nyingine zilikwenda kwenye nyumba za jirani, kila nyumba na swichi yake kwenye ubao uliopigiliwa ukutani, nje, chini ya dirisha la nesi. Kwenye ubao palikuwa na mshale. Ukishuka kwenye rangi nyekundu, Nusaiba alizima nyumba moja, akangoja, akazima nyingine, mpaka mshale upande. Upepo ukirudi, aliwasha vilevile, moja moja. Jokofu halizimwi. Hiyo ndiyo sheria aliyoachiwa.

Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, na alikuwa na subira ya kukaa kwenye kigoda tangu asubuhi akikitazama kimshale kile kama mtu anayechungulia wali usiungue.

"Bibi Umeme!" Mashaka wa dukani alizoea kumpigia kelele. "Umenikatia taarabu katikati! Nikushitaki?"

"Kaushitaki upepo, kaka Mashaka."

"Upepo sijui unakokaa. Wewe hapo nakuona."

Aliyekuwa hapigi kelele ni Tusajigwe, mke wa mwalimu. Kwao Tukuyu. Mama yake alikuwa mgonjwa tangu masika, wa kugeuzwa kitandani, na kutoka Tukuyu hadi Kimbiji hakuna simu wala barua ya kukimbia. Kaka yake, Fransis, alishamwambia: likitokea la kutokea, sikiliza redio. Kwa hiyo kila mchana Tusajigwe aliacha chungu jikoni, akaja kukaa karibu na redio yake wakati wa matangazo ya vifo. Yakiisha bila jina la kwao, alisikika akishusha pumzi hadi uani.

"Mdogo wangu," alimwambia Nusaiba siku moja, amemshika mkono, "nizimie taa, nizimie pasi, lakini matangazo ya vifo usinizimie. Nikisikia leo, kesho alfajiri niko kwenye basi. Nimuage mama kabla hajafunikwa. Sina kingine ninachokiomba."

"Mungu aepushe, dada. Sitakuzimia."

Na betri ndogo za redio, tangu waya ziingie, nani tena alizinunua?

Ikafika siku ya kliniki. Baraza la zahanati lilijaa akina mama, watoto wanalia, aliyechomwa analia na asiyechomwa anamsaidia. Mchana ulipokaribia, upepo ukaanguka. Nusaiba akamzima Mashaka kwanza. Akazima wengine, nyumba kwa nyumba, akairuka ya Tusajigwe. Mshale ukabaki kwenye nyekundu. Akaligeukia dirisha la Tusajigwe, pazia la maua limetulia tuli. Ndani ya jokofu mlikuwa na chanjo ya surua ya watoto wote wale barazani. Akabonyeza.

Mshale ukapanda kidogo, ukaganda mpakani, si huku si kule. Ndiyo ilivyokuwa tabia yake siku mbaya. Juu, mapanga yakaanza kuzunguka upya, taratibu, halafu kwa kasi. Huenda nguvu ilisharudi. Taa ndogo ya jokofu ndiyo ingesema ukweli, lakini ilikuwa ndani kwa nesi, na matangazo yalikuwa karibu kuanza. Nusaiba akainuka, mkono juu ya swichi ya Tusajigwe, akaita dirishani:

"Nesi! Jokofu zima?"

"Hapana!" Sauti ya Nesi Kokuberwa ilipenya katikati ya vilio. "Hapana kabisa! Hapana, Nusaiba!"

Nusaiba akauondoa mkono.

Alipokuja kuwasha, redio ya Tusajigwe ilikuwa inapiga muziki wa dansi.

"Leo nimeyakosa," Tusajigwe alisema akiwa mlangoni.

"Upepo, dada. Nisamehe."

"Haya. Siku moja haina neno. Nitayasikia jioni yakirudiwa."

Jioni upepo ulilala kabisa, na Kimbiji yote ikalala nao.

Siku zikapita. Tusajigwe alikuwa uani anafua, anaimba wimbo wa kanisani, alipofika Gaspar, mtoto wa mjomba wake, anayefanya kazi kiwanda cha saruji Wazo. Alivaa shati jeusi.

"Heee! Gaspar! Leo umetukumbuka? Karibu, ngoja nikaushe mikono!"

Gaspar hakukaribia. Alimtazama dada yake, akalitazama povu, akazitazama nguo zinazopepea kwenye kamba.

"Dada, unaimba?"

"Sasa nilie?"

"Mama alikukosea nini, Tusajigwe? Fransis ametangaza, jina lako limetajwa, Tusajigwe wa Kimbiji. Tumekusubiri. Jeneza limekaa uani mpaka jua linazama, wazee wanasema bado, binti yake yuko njiani. Kila basi likipita barabarani tunanyanyuka."

Tusajigwe aliendelea kukausha mikono kwenye khanga. Alikausha, alikausha, mikono ilishakauka.

"Mama yupi?" akauliza.

Kilio chake kilipotoka, Nusaiba alikuwa kwenye kigoda chake. Hakuhitaji kuambiwa ni siku gani.

Majirani walitandika mikeka. Kila aliyekuja kutoa pole, Tusajigwe alimwambia neno lilelile: "Ni upepo tu. Mungu aliutuliza upepo siku ile, ningefanyaje?" Akilisema hilo, kifua chake kilitulia kidogo.

Kwenye msiba huohuo, wanaosha vyombo, Nesi Kokuberwa alimgusa Nusaiba bega.

"Na wewe, siku ile ya kliniki ulitaka kuniulia chanjo? Unataka nizime friji, na taa yake inawaka vizuri!"

"Mie sikusema uzime, nesi. Niliuliza kama ni zima."

"Si ndiyo hiyo, zima?"

"Zima, nesi. Jokofu zima. Kama mtu mzima."

Nesi alikuwa mtu wa Bukoba. Kwake yeye friji ni friji, na ingekuwa salama angesema nzima; zima aliisikia kama kuambiwa azime. Sahani ilibaki mkononi mwake, maji yanachuruzika.

"Yesu wangu," alisema taratibu. "Usimwambie."

Nusaiba alikaa nalo. Lakini lile neno, ni upepo tu, aliendelea kulisikia kila siku. Watu walipotawanyika, alimfuata Tusajigwe chumbani, akapiga magoti, akamweleza lote: mshale, dirisha, nesi, zima.

"Upepo ulikuwepo, dada. Ulikuwa umesharudi."

Tusajigwe hakufoka.

"Ungeniachia," alisema. "Ningekuwa naulaumu upepo mpaka nife. Sasa nimlaumu nani, wewe? Mtoto kama wewe?" Akalikunja shuka lililokwisha kukunjwa. "Nenda, mdogo wangu. Kaangalie mtambo."

Kesho yake kaskazi ilivuma vizuri. Mchana, muda wa matangazo, Nusaiba aliwazima wengine wote, akaacha swichi moja tu, ya Tusajigwe. Mashaka akatukana mpaka akachoka. Kila redio ilipofunguliwa kwenye nyumba ile, mshale ulizoea kushtuka kidogo.

Aliutazama. Haukutikisika. Wala siku ya pili. Naye aliendelea kuiwasha swichi ile, kila mchana, na kuungoja mshale.