Kura Zilizosema Almendra

Saa nne asubuhi Delfina Arriaga alivaa glavu, akachana bahasha ya kwanza na kukunjua karatasi ya kura. Karatasi ikasema, kwa sauti ya mzee mwenye kikohozi, "Meya anatunyima maji, lakini huyo anayetaka kiti chake atatunyima zaidi." Kiduara kilichotiwa wino kilikuwa cha Hapana. Delfina akaiweka kwenye trei ya Hapana.

"Kumbe na zako zinaongea," alisema Wendell, fundi bomba mstaafu aliyeketi upande wa pili wa meza. Katika mji wa Almendra, kura hufunguliwa na watu wawili wanaotazamana. "Hii yangu inalalamikia mbwa wa jirani."

"Imechagua nini?"

"Ndiyo, meya aondoke. Mbwa sijui atabaki na nani."

Swali la kwanza liliuliza kama meya Hesselgrave aondolewe. La pili liliuliza nani amrithi, na jina lilikuwa moja tu, la Bwana Tolland, mwenye mashamba ya lozi yaliyojaza bonde. Wiki iliyopita meya alisema redioni kwamba Hapana zikishinda, atajua watu wamekubali afunge bomba la Mtaa wa Mashariki, maji yaende kwenye lozi. Katika mtaa huo aliishi mama yake Delfina, na mashine ya kumsafishia damu iliyotaka maji ya bomba mara tatu kwa wiki.

Kufikia saa saba Wendell alikuwa amechora vijistari kwenye kipande cha karatasi. Katika kila Hapana kumi, moja tu ilimsifu meya. Tisa zilimwogopa Tolland.

Kisha Delfina akakunjua nyingine. "Msimwondoe, yule mwingine atafunga mabomba yote," ilisema. "Ila langu liacheni, jamani."

Wendell aliinua macho. "Sauti hiyo naijua."

"Huijui. Kura ni siri."

"Basi siijui."

Saa tisa Delfina alimwendea msimamizi, Bi Lundgren. "Naomba yale kura zinayosema yaandikwe kwenye ripoti, bosi."

"Ripoti ina visanduku viwili, binti. Ndiyo na Hapana."

"Lakini umezisikia."

"Tangu asubuhi, mpaka kichwa kinaniuma. Kanuni inasema wino ulio nje ya kiduara hauhesabiwi. Sauti haina hata wino."

"Meya atazisemea uongo."

"Hilo halina kisanduku."

Saa kumi na nusu fomu ililetwa. Hapana 2,114. Ndiyo 1,871. Wendell alitia saini, akamsukumia kalamu. Delfina alizisoma namba mara tatu akitafuta kosa. Namba zilikuwa sahihi, hivyo akatia saini.

Meya alisimama kwenye ngazi za ukumbi. Nyuma yake, madirishani, karatasi zilipaza sauti zote kwa pamoja, naye akangoja kama mtu anayengoja treni ya mizigo ipite. Zilipovuta pumzi alisema, "Almendra imenena. Imeridhika." Tolland alimpa mkono, akitabasamu kama mshindi. Maji yalikuwa yanakwenda kwake vyovyote vile.

Jumatatu bomba likafungwa. Wendell aliiunga mashine ya mama yake Delfina kwenye bomba la ukumbi, kando ya ghala ambamo sheria hutaka kura zitunzwe miezi sita. Bi Lundgren alileta kiti.

"Mwisho Ijumaa," alisema. "Baada ya hapo nitaulizwa."

Mama alikaa saa nne, damu ikizunguka, akisikiliza kura zilizokuwa zikisema nyuma ya mlango wa ghala.

"Yule ni mimi," alisema.

"Ni wewe, Mama."

"Nimesema waziwazi."

"Waziwazi kabisa."

Mama akatikisa kichwa, akajifunika shali miguuni. "Leo ni Jumatatu," alisema, akaanza kuhesabu siku kwa vidole.