Mashine Iliyomsalimia Mama Deqa

Wewe ulipita pale. Usiniambie hukupita. Ulikuwa umebeba jerikeni, au kibunda cha miraa, ukaona watu wamemzunguka Mama Deqa kwenye saruji iliyolowa, ukageuza uso ukaendelea na safari yako. Mtaa mzima wa Wabera uliangalia pembeni siku ile. Leo ni 1984, miaka mitatu imepita, na shingo zenu bado zimepinda upande uleule. Mimi sijasahau. Ngoja nianze mwanzo.

Jirani yangu Ekaale alifanya kazi kwenye kinu cha posho siku sita za juma. Siku ya saba alitoka kanisani, akavua koti, akaketi na mashine yake mwenyewe, ya kufulia nguo. Aliiokota mwaka wa 1978 nyuma ya nyumba aliyowahi kuishi mzungu mmoja, daktari wa mifugo, aliyerudi kwao kabla ya Uhuru. Kuku walikuwa wanatagia ndani. Ilikuwa pipa jeupe la chuma lenye miguu minne, na juu yake rola mbili za mpira za kukamulia nguo.

"Wanaume wengine wanaleta mbuzi nyumbani," mkewe Akuam alimwambia. "Wewe unaleta choo cha kuku."

Ekaale alicheka tu. Jumapili baada ya Jumapili, karibu miaka mitatu, alikwangua kutu kwa mchanga wa mto. Rola zilizopasuka akazivika tyubu ya baiskeli. Mkanda akaupata kwa feni ya lori lililokufa. Mota aliifungua mara tisa na kuifunga mara tisa, vipande vyote vimepangwa juu ya gunia, na ole wake mtoto aliyekanyaga hapo. Hakutaka kuiuza. Alitaka izunguke, basi.

Kilichobaki ni pipa kuvuja. Alitafuta shaba ya kuzibia matundu. Na pale ukutani, kutoka sanduku la mita, kulikuwa na waya wa shaba ulio uchi, umeshuka mpaka chini ukaingia ardhini.

"Huyu waya anawasha nini?" aliniuliza.

"Sijaona akiwasha kitu."

"Basi anakaa bure kama chifu."

Tukacheka. Koleo lilikuwa langu, nilimpa mimi. Akakata urefu wa mtu mzima, akaziba matundu, na shaba iliyobaki akaisokota bangili tatu: ya mkewe, yangu, na ya Shamis, mjane aliyeuza maziwa kwenye chumba cha mwisho cha plot yetu. Bintiye aliitwa Deqa, kwa hivyo sote tulimwita Mama Deqa.

Mei 1981 mashine ikazunguka. Plot nzima ilipiga makofi. Siku hiyohiyo mbuzi mmoja alikuja kulamba maji yaliyotiririka chini yake, akaruka juu, akatoka mbio mpaka barabarani. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Baada ya wiki moja alikuja Mama Deqa.

"Salaam aleikum. Ekaale, hii mashine yako inaniuma vidole."

"Aleikum salaam, mama. Inakusalimia tu. Bado haijazoea Wasomali."

Naye akacheka. Mwanamke mcheshi yule.

Kisha nikanunua sukari nusu kilo, imefungwa kwa ukurasa wa kitabu. Mimi shule niliacha darasa la nne. Yote ninayojua nimeyasoma kwenye karatasi za namna hiyo. Huu ulikuwa wa Kiingereza, juu ya stima. Niliusoma kwa kamusi, neno kwa neno. Ulisema waya ule wa ardhini una kazi moja: stima ikitoroka ikaingia kwenye mwili wa mashine, ipite hapo iende chini, isipite kwa mtu. Nilisoma hayo na bangili iko mkononi.

Nikaenda kwa Kobia, mwenye plot.

"Taa zinawaka?" akaniuliza.

"Zinawaka, mzee, lakini—"

"Lakini nini? Ukichoka na nyumba yangu, mlango unaujua."

Nikaenda kwa Ekaale. "Bwana Magazeti!" akasema. "Umesoma tena karatasi ya sukari?" Akaweka viganja vyote viwili juu ya pipa, mashine inanguruma. "Hebu iniume sasa. Umeona? Weka wako."

Nikaweka. Haikuniuma hata kidogo. Niliona haya, nikaukunja ukurasa wangu, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu na sitalificha nyuma ya yenu.

Maana hatukutazama miguu yetu. Sote tulikuwa tumevaa akala, mpira wa tairi unene wa kidole. Habari za mpira, kwamba stima haiupiti, zilikuwa upande wa pili wa ukurasa. Kamusi yangu ilikuwa haijafika huko.

Siku moja kabla ya Idi, saa nne asubuhi, Mama Deqa alileta nguo za sikukuu. Akuam alikuwa ndiyo kwanza ameosha saruji ya barazani, mashine ilipokaa. Mama Deqa akasimama ukingoni, akavua viatu.

"Ingia navyo tu, mama," Ekaale alisema.

"Astaghfirullah! Nikanyage kazi ya Akuam?"

Akapanda, miguu mitupu juu ya maji. Akashika ukingo wa pipa kwa mkono wenye bangili. Hakupiga kelele. Ekaale alidhani ameinama kutazama ndani. Mimi, niliyekuwa mlangoni kwangu, nilikimbilia swichi kubwa, na nilipoizima alikuwa ameshaanguka. Gauni la Deqa lilikuwa bado linaelea kwenye povu.

Mlisema jini. Mlisema siku yake imefika. Kobia alisema mashine imezeeka, lakini ukuta wake hakuutazama. Ekaale hajashika spana tena. Alitaka kuivunja kwa nyundo, Kobia akaichukua, ati aitunze.

Ameitunza! Ameipaka rangi ya buluu, na mwezi huu ameiweka kwenye plot yake mpya karibu na msikiti, wapangaji wafulie. Nimeuona ukuta wa pale. Waya wa ardhini umekatwa, na watoto wa plot wanavaa bangili mpya. Jana niliona jozi mbili za viatu vya wanawake zimepangwa vizuri ukingoni mwa saruji.

Nimeenda mara mbili kuwaonya. Mara ya pili mlinzi alinitoa kwa rungu, na kabla sijafika barabarani nikasikia mashine inanguruma. Mtu mmoja ni rahisi kumtoa. Hamsini hawatolewi.

Idi ni keshokutwa, na nguo zinafuliwa leo. Plot unaijua. Vaa akala zako, mwite jirani, mwende. Zima swichi kubwa kwanza, kabla hujagusa chochote. Kisha chomoa ule waya unaoleta stima kwenye mashine, uukate vipande vipande. Kobia akiuliza nani amewatuma, mwambieni Shamis.

Weka karatasi hii chini. Nenda sasa.