Ndiyo ya Mapema

Ukweni kwake walimwita Mtaalamu, na jina hilo alilipenda kupita kiasi. Mama mkwe alikuwa na duka la kudarizi, na mashine yake iliendeshwa na kompyuta yenye mfumo wa Linux, ambayo mkwe huyo ndiye aliyeileta, akaisifia mpaka watu wakachoka. Aliyeitumia hasa ni shemeji yake, mdogo wa mkewe. Binti huyo alijifunza mwenyewe kuchora nembo, na kazi hiyo ndiyo iliyomwondoa kwenye kupiga pasi sare kule nyuma ya duka.

Asubuhi moja diski ya kompyuta ilikuwa imejaa. Mtaalamu akavuta kiti, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaamuru kifurushi kimoja cha zamani cha programu kiondolewe. Sasa, kompyuta ile ina adabu zake: kabla ya kuondoa kitu hutaja kila programu inayokitegemea, ambayo nayo itaondoka, kisha huuliza kama iendelee. Lakini bwana huyu alikuwa na mazoea ya kuongeza herufi moja kwenye amri, ndiyo ya mapema, ili asisumbuliwe na maswali. Maandishi yakapita mbio huku yeye akipiga soga na mama mkwe. Alipogeuka, programu ya kudarizi haikuwepo.

Alijua palepale alichofanya.

"Kuna nini, baba?" mama mkwe akauliza. Nembo za sare za shule zilitakiwa kesho yake.

"Kuna mtu amechezea hii kompyuta, mama. Nani alikaa hapa jana?"

Maneno yalimtoka kirahisi, na hilo ndilo lililomtia aibu zaidi baadaye. Kila mtu alijua nani alikaa hapo jana.

"Nilikwambia usiguse usichokijua," mama akamwambia binti yake. "Rudi kwenye pasi. Kwenye kiti hicho sitaki kukuona tena."

Binti akaenda kule nyuma, akawasha pasi. Mtaalamu akainamia kibodi kama mtu mwenye shughuli nyingi. Aliunganisha intaneti ya simu yake, akaamuru programu irudishwe pamoja na vyote inavyovitegemea. Michoro ya binti ilikuwa salama kwenye folda yake. Kabla ya adhuhuri sindano zilikuwa zinagonga kitambaa, na mama mkwe anammiminia chai.

"Bila wewe tungeumbuka," alisema. Mtaalamu akakiweka kikombe kando. Mama akaita kule nyuma: "Wewe, njoo umwombe shemeji yako radhi."

Binti akasimamisha pasi, akaja akijifuta jasho.

"Nisamehe, shemeji. Ila sijui niligusa nini. Nionyeshe, nisije nikarudia."

Angeweza kumdanganya kwa lolote, maana hapo dukani hakuna ambaye angembishia. Lakini binti alikuwa ameshainama karibu na skrini, anasubiri kufundishwa kosa ambalo si lake. Mtaalamu akaandika amri ileile, safari hii bila ile herufi. Kompyuta ikataja vitakavyoondoka, programu ya kudarizi ikiwemo, kisha ikauliza kama iendelee.

Binti akasoma polepole mpaka mwisho. "Hili swali mimi sijawahi kuulizwa, shemeji. Ningeulizwa ningekataa."

"Najua." Masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Mashine ilikuwa imemaliza nembo, ikanyamaza, na duka zima likasikia. "Mimi ndiye niliyeiondoa, leo asubuhi. Wewe hukugusa kitu. Nilikusingizia."

Hakuna aliyemfokea, heri wangemfokea. Mama mkwe alimtazama, kisha akageuza uso upande, kama aliyemkuta mkwewe hajavaa.

"Kaa kwenye kiti chako, mwanangu," akamwambia binti yake.

Kiti chenyewe Mtaalamu alikuwa bado amekikalia. Akainuka. Binti akaketi, akaijibu kompyuta hapana, akafungua mchoro wake. Mtaalamu akabaki amesimama katikati ya duka, hajui mikono aiweke wapi. Kule nyuma pasi ilikuwa bado ina moto, na lundo la sare linangoja. Akaenda akaishika.