Pori Lisilo na Watu

Ignas alitembea siku tatu kutoka ukingo wa mto Nikonga hadi Geita, na alipofika hakupewa hata pa kukaa. Alisimama barazani pa ofisi ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, tangu asubuhi, miguu imevimba kwa maji ya mbuga, shingo imejaa mabaka ya kuumwa na mbung'o. Mchana ndipo akaitwa.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba," aliitika Gregory, karani ambaye hata mtoto wa mwisho wa Ignas alimzidi umri. "Sema upesi."

Ignas akaeleza. Tarishi amefika kwao na ilani: pori lote la mto limekuwa hifadhi ya serikali, mtu asionekane humo baada ya mavuno. Wao ni kaya kumi na tisa. Wanalima mtama, wanarina asali. Mkewe, Zipora, hata kusimama hawezi.

Karani akakunjua ramani mezani. Kijani kitupu, na mistari ya buluu ikijipinda katikati.

"Nionyeshe nyumba."

Ignas hakujua kusoma, ila mto aliutambua kwa mikunjo yake. Mwaka juzi aliwatangulia wapima ardhi miezi minne, akiwatajia kila kijito. Akaweka kidole.

"Hapa pameandikwaje?"

"Kabuhima."

"Ni baba yangu huyo. Tulimzika hapo, kijito tukakiita jina lake."

"Jina lipo. Watu hawapo. Wapima waliuliza, wakaambiwa hakuna mtu."

Ignas akaondoa kidole. Aliyewaambia ni yeye. Mwaka ule vijana walikuwa wakikamatwa kwenda kuvunja mawe ya barabara, na wazee walimsihi awapitishe Wazungu mbali na moshi wa nyumba. Aliwapitisha vizuri.

"Tupo, bwana," alisema.

Gregory aliingia chumba cha ndani, akakawia, akarudi na karatasi yenye muhuri.

"Bwana Shauri anasema, kama hampo, hakuna kesi. Kama mpo, mmo ndani ya hifadhi bila kibali. Kesho askari sita wanaondoka. Utawaonyesha nyumba."

"Nikikataa?"

"Watazitafuta wenyewe, na viberiti wanavyo. Ukiwaongoza, mtapewa siku mbili za kutoa vyombo."

Alirudi nao kwa njia ileile, yeye mbele. Siku ya tatu alasiri, njia ikagawanyika. Askari wa kwanza akashusha bunduki begani.

"Mzee, kulia au kushoto?"

Ignas akatazama kushoto, kwenye matete yasiyo na mwisho. Kabla hajafungua kinywa, upande wa kulia mchi ukaanza kugonga kinu, taratibu, kama kila siku.