Machela Iliyokwenda Kibondo

Asubuhi ya tarehe tano Desemba, machela ya kitongoji ilipelekwa Kibondo mjini ikiwa imefungwa utepe wa buluu. Aliyeufunga utepe ule ni Bazilio, katibu wa wabeba wagonjwa.

Kwao, ng'ambo ya bonde la Busunzu, wakati wa mvua gari halifiki. Mtu akizidiwa, filimbi hupulizwa, na kila mwanamume anayeisikia huacha jembe pale pale shambani. Wanne hushika miti ya machela, wengine hufuata kupokezana. Hakuna anayelipwa, wala hapakuwahi kuwa na orodha. Anayechelewa ana adhabu moja: hashiki mti, hubeba viatu vya wenzake, kwa sababu kwenye utelezi wa mteremko ule wabebaji hutembea pekupeku.

Kisha shirika moja likaleta barua. Siku ya Kimataifa ya Kujitolea ingeadhimishwa mjini, na kila kikundi kilete majina kumi na mawili. Kila jina lingepewa kizibao cha kung'aa. Bazilio akaandika vijana, wenye vifua vya kupendeza pichani.

"Jina langu sijaliona," alisema Castory, mzee wa miaka sitini na mmoja, ambaye mti wa mbele kushoto ulikuwa wake tangu Bazilio hajazaliwa.

"Mzee wangu, fomu inataka vijana."

"Na mteremko, nao umejaza fomu?"

Watu wakacheka. Bazilio alihisi uso ukimchoma. "Kuanzia leo kikundi ni hawa walioandikwa," akasema.

Jioni ile mkewe, Ernesta, mwenye mimba ya miezi minane, alimtazama akiipangusa machela. "Na mtu akizidiwa kesho?"

"Ni siku moja tu, mama. Wageni waione."

Na wageni waliiona. Waliizunguka pale chini ya turubai, wakaigusa, wakapiga picha. Firdausi, dada wa shirika aliyetokea Tanga, alishika kipaza sauti akasema kwamba siku ile, katika nchi ambazo wengi wao wasingeweza kuzionesha kwenye ramani, watu kama wao walikuwa wakishukuriwa. Wanaochimba vifusi baada ya tetemeko. Wanaokesha na wagonjwa wasio ndugu zao. Bazilio alikinyoosha kizibao chake kifuani. Alikuwa mtu mmoja na dunia nzima.

Simu ikatetemeka mfukoni.

"Shikamoo, katibu." Ilikuwa sauti ya Castory. Mzee kumwamkia kijana! Bazilio akajua pana jambo.

"Mzee, kuna nini?"

"Ernesta anatoka damu. Filimbi imelia, watu wamekuja. Machela iko wapi?"

Bazilio aliitazama machela pale mezani, na utepe wake.

"Wabebaji wote wako huku," alisema, asijue anasema nini.

"Watu sikuuliza. Nimeuliza machela."

Alipanda bodaboda, machela kailaza mapajani, miti imetokeza huku na huku kama mbawa. Matope yalimruka mpaka machoni. Alipofika kijito cha bondeni aliwaona wakishuka, wamebeba mlango. Mlango wa nyumba yake mwenyewe. Walikuwa wamepoteza muda mrefu kuung'oa bawaba, kisha kumfunga Ernesta juu yake kwa kanga za Rabia, jirani yao. Mbele kushoto alikuwa Castory, na nyuma yake Tharsisi anayechechemea.

"Mhamishieni huku," Bazilio alisema.

"Hatumtikisi tena," Castory akajibu bila kusimama.

"Basi nipisheni bega."

"Umechelewa."

"Mzee, ni mke wangu."

"Ni mke wako. Viatu viko nyuma."

Bazilio akaweka machela majanini. Alizoa kandambili, raba na mabuti, akavitunga kwenye utepe wa buluu, akafuata. Kutoka nyuma aliona mkono wa Ernesta tu, ukining'inia pembeni ya mlango.

Kwenye kituo cha afya, nesi Zena alitoka baada ya muda mrefu. Mama atapona, alisema. Mtoto hawakumuwahi. "Mngefika mapema kidogo," akaanza, halafu akaona kizibao cha Bazilio.

Bazilio alikivua. Akaenda bombani akaosha viatu, kimoja kimoja, akavipanga ukutani. Kila jozi alijua ya nani. Hakuhitaji orodha.

Castory akaja, akatumbukiza miguu katika kandambili zake zilizolowa.

"Alikuwa wa kike," Bazilio alisema.

"Nimeambiwa."

Bazilio aliukunja utepe wa buluu.

"Mtoto tutamzika leo," Castory alisema. "Mama yake akiruhusiwa tutampandisha nyumbani kwa machela. Mti wa mbele kulia ni wako." Akainuka. "Filimbi ikilia, usichelewe."