Nukta Mbili Zilizorudi

"Shemeji, geuza gari. Sasa hivi."

"Nigeuze vipi na simu inaniambia ninyooke? Barabara nyeupe, hakuna hata gari moja."

"Ndiyo maana nakwambia geuza!"

Nyuma ya sauti ya shemeji kwenye simu nilimsikia dada yangu akiguna, mguno mrefu wa mwanamke aliyeshikwa na uchungu na asiye na nafasi ya mabishano ya wanaume. Mvua ilikuwa inapiga paa la gari lao. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba cha kazi, mkavu, roho mkononi.

Miaka tisa imepita, na bado nikikumbuka mwili unanisisimka.

Siku hizo tulikuwa watu watano katika chumba kimoja, ghorofa ya tatu, kazi yetu kuangalia ramani ya foleni. Watu hudhani kuna jicho angani linaloyaona magari. Hakuna. Kuna simu tu. Kila simu iliyo njiani hujua mahali ilipo kwa msaada wa setilaiti, kisha kila baada ya sekunde chache hutunong'oneza: niko hapa, naenda kasi hii. Haitaji jina. Sisi tunaona nukta. Nukta zikitambaa, kompyuta inapaka barabara nyekundu. Zikikimbia, inapaka kijani, na rangi hiyo inarudi kwenye simu zilezile upesi sana. Aliyekwama mbele anamwonya aliye nyuma, na wala hawajuani. Wiki yangu ya kwanza chai ilikuwa ikinipoa mezani kila siku kwa kushangaa tu. Mji mzima ulikuwa unazungumza bila kujua kwamba unazungumza.

Daktari alikuwa ametuonya kwamba mtoto amekaa vibaya: uchungu ukianza, msichelewe, atazaliwa kwa upasuaji. Asubuhi ile ukaanza. Shemeji alikuwa mtu wa kubishana na kila kiumbe, hata mama mkwe wake, isipokuwa ile sauti ya kike ya simu yake. Ile aliitii bila neno. Lakini siku hiyo hata yeye aliona bora anipigie mimi, aulize binadamu.

"Nipite wapi, mtu wa nukta?"

Nikatupa jicho kwenye skrini. Barabara ya juu nyekundu, ya mtoni kijani.

"Pita mtoni," nikasema, nikajiona mjanja.

Kosa lile ni la watu wa kazi yetu. Barabara isiyo na simu hata moja haiachwi bila rangi. Kompyuta huipaka rangi ya mazoea, yaani jinsi ilivyokuwa saa hiyo wiki zilizopita. Kila mgeni aliyeingia chumba kile nilimfundisha mimi jambo hilo. Mganga hajigangi.

Aliyeniamsha ni bosi wetu, tuliyemwita Mama Ratiba, alipopita nyuma yangu na kikombe chake. "Mbona mtoni hakuna mtu, saa mbili asubuhi?" akauliza. "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Nikarudisha rekodi nyuma. Nukta moja ilikuwa imeshuka hadi karibu na daraja, ikasimama, ikageuka, ikarudi ilikotoka. Dakika nne baadaye ikaja nyingine, nayo ikasimama palepale, ikarudi. Madereva wawili walikuwa wameona kitu. Kompyuta iliwaona wachache mno, haikuwaamini. Mimi niliwaamini, nikapiga simu.

"Hivi wewe unajua kuliko mashine?" shemeji akafoka.

"Shemeji, hiyo mashine ni mimi!"

Kisha nikasikia sauti ya dada yangu, dhaifu: "Msikilize kaka yangu."

Kwenye mteremko wa mtoni palikuwa na nukta moja tu. Ikasimama. Ikageuka. Nilijua ni wao kwa sababu nilisema geuza, nayo ikageuka.

Mama Ratiba alikuwa ameshaketi, anaifunga barabara kwa mkono wake kwenye ramani. Hazikupita dakika mbili, na kule juu kwenye mzunguko nukta zilizokuwa zikija mtoni zikaanza kukunja kona, moja moja, kama siafu waliokuta maji. Wao waliambiwa na sisi, na sisi tuliambiwa na wale wawili. Mama Ratiba, ambaye sikuwahi kumsikia akisifu chochote, akasema taratibu, "Mungu wangu."

Baadaye tulisikia kwamba maji yalikuwa yamelifunika daraja lote. Dada yangu alipelekwa hospitali kwa ile barabara ya juu, nyekundu, kilomita kumi na mbili kwa saa, nami sikukaa chini hata mara moja.

Saa tano shemeji alipiga simu akilia, nikadhani yameharibika.

"Wote wazima," akasema. "Wa kike. Daktari anasema tungechelewa nusu saa..."

Mchana nikawatafuta wale wawili. Haikuwezekana. Safari ikiisha, alama ya simu hufutwa, mtu asije akamfuatilia mwenzake. Ni kanuni nzuri. Nilichopata ni mistari miwili tu: saa, mahali, kasi sifuri.

Nikaisogelea skrini, nikasema kwa sauti, mbele ya wenzangu wote, "Ahsanteni."

Hakuna aliyecheka.