Kichupa cha Dirishani

Cherehani imenipa nyumba, imenisomeshea mtoto, na mwisho ikanipa bawasiri. Ukikalia kigoda umri wako wote, kalio nalo hudai haki yake. Baada ya kunipasua, daktari aliniagiza nijisafishe kwa maji ya uvuguvugu kila nitokapo chooni, nitumie kichupa cha kuminya chenye mdomo mrefu.

Dada wa duka la dawa aliniwekea aina mbili juu ya kaunta.

"Hivi ni vya kutupa, mama. Unatumia, unatupa, basi. Hiki cha mpira kinadumu. Unakiosha kwa maji ya moto, halafu unakining'iniza penye hewa, mdomo chini, mpaka kikauke. Usikifungie kabatini, kitaota ukungu."

"Nitakining'iniza wapi, mwanangu? Choo changu ndicho hicho hicho cha wageni."

"Basi chukua vya kutupa," akasema huku akicheka.

Moyo wangu ulikuwa kwenye cha mpira. Sisi mafundi hata kipande cha kitambaa hatutupi. Lakini binti yangu alikuwa ameahidi kuja kuniuguza, tena na mumewe. Mkwe aingie msalani akikute kile kinaning'inia? Uso wangu ningeuweka wapi? Nikachukua vya kutupa.

Nikatandika kitanda cha wageni kwa shuka nililolishona mwenyewe. Kila nikitumia kichupa nilikizungushia gazeti, nikakisukumia chini kabisa ya pipa kama mwizi anayeficha mali. Nikawasubiri. Vichupa vilikuwa vinakaribia kwisha binti alipopiga simu.

"Mama, kazi zimetubana. Labda mwezi ujao. Unaendeleaje lakini?"

"Sijambo kabisa, mwanangu. Wala usijisumbue."

Nilimdanganya, na nadhani alijua. Nilikwenda nikalala ubavu kwenye kile kitanda cha wageni, nikalia mpaka nikajichoka.

Nikarudi dukani kuchukua cha mpira. Yule dada akaniuliza kama nimepata pa kukining'iniza.

"Pa kukining'iniza pamejaa tele," nikamwambia.

Hewa nzuri nyumbani kwangu iko sebuleni, basi nikakitundika kwenye dirisha la sebule, mdomo chini. Kikashinda pale mchana kutwa, nami nashona mbele yake.

Siku moja mlango ukagongwa. Sijui niliinukaje, mimi wa kujikongoja. Nilikinyakua, nikakisokomeza chini ya mto wa kochi, nikajipangusa uso. Nilikuwa nacheka peke yangu. Kumbe aibu nayo ni raha, mradi uwe na mtu wa kumwonea aibu.

Mlangoni alisimama fundi bomba na mkoba wake wa vifaa.

"Shikamoo, mama. Hapa ndipo kwa mwalimu?"

"Marahaba. Mwalimu ni nyumba inayofuata. Lakini karibu ndani, upumzike kidogo."

"Asante, mama. Wananisubiri."

Nilimsindikiza kwa macho. Kwa mwalimu walimfungulia hata kabla hajagonga.

Nikarudi ndani, nikakitoa kichupa chini ya mto. Kilikuwa bado kina majimaji. Nikakitundika tena pale pale dirishani, maana wa kukiona hayupo.